Betri ya Moyo: Kifaa Kinachosikiliza Kabla ya Kupiga

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wauguzi na matabibu, mafundi wa vifaa tiba, na ninyi jamaa wa wagonjwa mlioketi huko nyuma,

Mitaani kifaa hiki kimeshapata jina: betri ya moyo. Jina limeenea na hatuna haja ya kugombana nalo, ila lina kasoro moja. Humfanya mtu adhani moyo wa mgonjwa umeishiwa nguvu na sasa unaendeshwa kama tochi. Sivyo. Kwa wengi wanaowekewa, msuli wa moyo ni mzima na unasukuma damu vizuri. Kilichopungua ni amri. Umeme unaouambia msuli "sasa kaza" ama hautoki kwa wakati, ama unatoka lakini haufiki. Leo tutatumia majina yote mawili, betri ya moyo na pesimeka, kwa maana ileile. Tukitaka kusema betri yenyewe iliyomo ndani ya kifaa, tutasema betri ya ndani.

Tunaanza na jambo moja, kwa sababu mengine yote yananing'inia hapo. Pesimeka si kifaa cha kupiga moyo. Ni kifaa cha kuusikiliza moyo, na kuupiga pale tu unapokaa kimya kupita kiasi. Ukilielewa hilo, mipangilio yake inasomeka, na hitilafu zake nazo zinasomeka.

Twende kwanza kwenye moyo wenyewe. Juu kabisa, upande wa kulia, pale unapoingia mshipa mkubwa unaoleta damu kutoka kichwani na mikononi, kuna kifundo cha seli kinachozalisha umeme chenyewe, mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Umeme huo husambaa vyumba viwili vya juu, kisha hufika kwenye kifundo cha pili kilichoko mpakani mwa vyumba vya juu na vya chini. Hapo huzuiliwa kidogo. Tangu umeme wa juu uanze hadi wa chini uanze hupita milisekunde 120 hadi 200, na katika muda huo vyumba vya juu humalizia kumwaga damu yao chini. Baada ya hapo umeme hushuka kwa nyuzi maalumu, ukagawanyika tawi la kulia na tawi la kushoto, na vyumba vya chini vikakaza kwa pamoja.

Kinachoharibika ni moja ya mambo mawili. Kifundo cha juu huchoka: kinapiga 35 kwa dakika, au kinasimama sekunde nne, tano, mgonjwa anaona giza. Au njia ya kushukia umeme hukatika. Ikikatika kabisa, vyumba vya juu vinaendelea na mwendo wao na vya chini vinajitegemea kwa mapigo ya akiba, mara nyingi 20 hadi 40 kwa dakika, nayo si ya kutegemewa. Huyo ndiye mgonjwa anayeanguka akiwa amekaa tu, bila hata jasho la kumtahadharisha. Sababu kubwa ni uzee wa nyuzi zenyewe. Nyingine ni mshtuko wa moyo, au upasuaji wa kubadilisha valvu, yaani mlango wa damu ndani ya moyo, kwa sababu njia ya umeme imepita jirani kabisa na valvu na sindano ya kushonea yaweza kuigusa. Wapo pia watoto wanaozaliwa nayo, ambao mama zao wana kingamwili za ugonjwa kama lupasi.

Hata hivyo, kabla hujamwandikia mgonjwa pesimeka, angalia vinavyoondoka vyenyewe. Potasiamu iliyopanda kwa mgonjwa wa figo. Dawa za moyo kama atenolol au digoksini zilizozidi. Sumu ya dawa za kuulia wadudu shambani. Tezi ya shingo iliyolala. Na kimoja husahaulika mno: dawa ya matone ya macho ya timolol, anayotumia mzee wa glakoma, yaani presha ya macho, asubuhi na jioni bila kuihesabu kuwa ni dawa. Matone hayo huingia kwenye damu na hupunguza mapigo.

Sasa kifaa. Kina sehemu mbili zinazotengenezwa na kufungashwa mbalimbali: kasha, na waya. Kasha ni la titaniamu, chuma ambacho mwili haukigombi, limechomelewa pande zote lisipitishe hata mvuke. Lina uzito wa kama gramu 20 hadi 30. Ndani yake mna betri, inayokula karibu nusu ya nafasi, na saketi yenye saa ya kioo cha kwatzi kama ile ya saa ya mkononi. Mna antena ya kuzungumza na mashine ya kuprogramu, kitambuzi cha mwendo, na swichi inayoitikia sumaku. Juu ya kasha kuna kichwa cha plastiki angavu chenye matundu ya kuingizia waya na skrubu ndogo za kuzibana. Pale umeme unapotoka ndani ya titaniamu kwenda kichwani pana vichujio vya kapasita, na kazi yake ni kuzuia mawimbi ya simu na redio yasiingie.

Waya ndio sehemu inayoteseka. Ndani yake ni koili ya aloi ya nikeli na kobalti, iliyosokotwa kama springi ili ipinde bila kukatika, na nje imevikwa silikoni au poliyurethani. Hesabuni wenyewe: moyo ukipiga 70 kwa dakika, waya unapinda zaidi ya mara 100,000 kwa siku, na ni zaidi ya mara milioni 36 kwa mwaka. Wa chumba cha juu huwa na sentimita kama 52, wa chini kama 58. Kwenye ncha kuna elektrodi, na nyuma yake, kama sentimita moja hivi, kuna pete. Umeme hutoka kwenye ncha, hupita kwenye nyama ya moyo, hurudi kwa pete. Ncha hujishikiza kwa njia mojawapo ya mbili: vidole laini vya silikoni vinavyonasa kwenye nyuzinyuzi za ukuta wa moyo, au skrubu ndogo inayozungushwa ikaingia kwenye nyama. Ncha hiyo pia hubeba deksamethasoni kidogo, dawa ya kutuliza uvimbe, inayotoka taratibu. Sababu ni kwamba chuma kikigusa moyo, mwili hukasirika na kujenga kovu, na kovu halipitishi amri. Kabla ya dawa hiyo kuwekwa, umeme uliohitajika kuamsha moyo ulikuwa ukipanda mara kadhaa katika wiki chache za kwanza. Bado hupanda, lakini kidogo.

Betri ya ndani kwa miaka mingi imekuwa ya lithiamu na iodini, na ina historia inayostahili dakika mbili. Kifaa cha kwanza kuzikwa mwilini kiliwekwa Stockholm, Sweden, tarehe 8 Oktoba 1958, na daktari wa upasuaji Åke Senning, kikiwa kimeundwa na mhandisi Rune Elmqvist. Mgonjwa alikuwa Arne Larsson, mtu wa miaka 43 aliyekuwa akizimia mara nyingi kila siku. Elmqvist alimimina gundi ya epoksi kwenye kopo la rangi ya viatu, lile ambalo huku kwetu mtoto yeyote hulijua kwa jina la kopo la kiwi, akazamisha saketi humo. Kifaa kilikufa baada ya saa chache, kikawekwa cha akiba. Larsson alikuja kubadilishiwa vifaa mpaka vikafika 26, akafariki Desemba 2001 akiwa na miaka 86, kwa saratani, wakati Senning na Elmqvist wote wawili walikuwa wameshatangulia.

Betri za miaka iliyofuata zilikuwa za zebaki. Zilidumu kama miaka 2, na zilitoa gesi, hivyo kifaa hakikuweza kufungwa kabisa. Majimaji ya mwili yakaingia. Mwaka 1972 ndipo betri ya lithiamu na iodini ilipoanza kuwekwa kwa wagonjwa, kazi ambayo Mmarekani Wilson Greatbatch aliisukuma kwa nguvu. Uzuri wake ni huu: lithiamu ikikutana na iodini hutengeneza tabaka gumu katikati yao, na tabaka hilohilo ndilo linalozitenganisha. Hakuna majimaji, hakuna gesi, na tabaka likipasuka linajiziba. Kadiri miaka inavyokwenda tabaka linanenepa, ukinzani wa ndani unapanda, na volti zinashuka polepole kutoka 2.8. Betri hii haifi ghafla, huaga.

Tufanye hesabu, kwa sababu hapa ndipo wengi hushangaa. Msukumo mmoja wa volti 2.5 unaodumu milisekunde 0.4, waya na moyo vikiwa na ukinzani wa omu 500, hupitisha mkondo wa miliampea 5. Nishati yake ni mikrojuli 5, kitu kisichoweza hata kumshtua nzi. Mapigo 60 kwa dakika ni 86,400 kwa siku, milioni 31 na nusu kwa mwaka. Jumlisha chaji yote ya mwaka mzima, utapata kama miliampea-saa 17 na nusu. Betri ina kama miliampea-saa 1,000. Ungesema itadumu zaidi ya miaka 50! Mbona basi hubadilishwa baada ya miaka kama 8 hadi 12? Kwa sababu saketi hailali. Inasikiliza usiku na mchana, inapima, inaandika kumbukumbu, na kwa kazi hiyo inavuta mikroampea kadhaa. Zikiwa 8, ni miliampea-saa 70 kwa mwaka. Kusikiliza kunakula mara nne ya kupiga.

Lakini panga msukumo uwe wa volti 5, na mambo yanabadilika. Mkondo unakuwa maradufu. Tena, kwa kuwa betri ina volti 2.8 tu, saketi lazima izizidishe kwa kapasita, na kuzidisha huko kunavuta maradufu nyingine. Gharama ya kupiga inakuwa mara nne, na miaka 11 inageuka kuwa 7. Ndiyo maana mgonjwa aliyeachwa kwenye volti 5 "kwa usalama", kisha asiitwe tena kliniki, anarudi kubadilishiwa kifaa kabla ya wakati. Utaratibu wa kawaida ni kuanza na kama volti 3.5 kwa miezi 3 ya kwanza, wakati kovu linatengenezwa, kisha kupima kiwango cha chini kinachoamsha moyo na kuweka mara mbili yake. Kikiwa volti 0.75, mara mbili ni 1.5, ingawa wengi huacha 2.0 kwa mgonjwa ambaye bila kifaa hana pigo lolote.

Turudi kwenye kusikiliza. Umeme wa moyo unaofika kwenye ncha ya waya ni milivolti chache: kwenye chumba cha chini tunapenda tuone 5 au zaidi, cha juu angalau 1.5 hadi 2. Kifaa huwekewa kizingiti. Fikirini kizingiti cha mlango siku ya mvua: maji yasiyofika kimo chake hayaingii ndani. Kizingiti kikiwa milivolti 2.5, kila kilicho chini ya hapo hakihesabiwi. Hapo wanafunzi hukosea kila mwaka. Namba ikipungua, kifaa kinasikia zaidi. Namba ikiongezeka, kinakuwa kiziwi zaidi.

Chukueni pesimeka ya waya mbili, iliyopangwa mapigo 60, yaani nafasi ya milisekunde 1,000 toka pigo hadi pigo, na ucheleweshaji wa 160 kati ya juu na chini. Chumba cha chini kinapiga, saa inaanza. Kifaa kinasikiliza juu. Zikipita 840 bila sauti, kinaupiga waya wa juu. Kinahesabu 160 nyingine kikisikiliza chini. Umeme wa mgonjwa mwenyewe ukishuka ndani ya muda huo, kifaa kinanyamaza. Usiposhuka, kinapiga chini. Na kama chumba cha juu kilijipiga chenyewe kwenye 700, saa ya 160 inaanzia hapo. Kwa hiyo mgonjwa akipanda ngazi na kifundo chake cha juu kikaenda 110, chini nako kunafuata 110. Ufuataji huo huwekewa ukomo, kwa kawaida 120 hadi 130, ili vyumba vya juu vikianza kutetemeka mara 400 na zaidi kwa dakika, chini kusiburutwe. Vifaa vya leo vikisikia kasi hiyo huacha kufuata kabisa hadi utulivu urudi.

Herufi mnazoziona kwenye kadi zinasema hayo hayo kwa kifupi. Ya kwanza ni chumba kinachopigwa, ya pili kinachosikilizwa, ya tatu ni kifaa kinafanya nini kikisikia. A ni juu, V ni chini, D ni vyote viwili, I ni kunyamaza, O ni hakuna. VVI hupiga chini, husikiliza chini, na hunyamaza ikisikia. Inamfaa mgonjwa ambaye vyumba vyake vya juu hutetemeka wakati wote. DDD ndiyo tuliyoieleza sasa hivi. VOO hupiga bila kusikiliza kabisa. R ikiongezwa mwishoni, kitambuzi cha mwendo kinaruhusiwa kupandisha mapigo. Kitambuzi hicho hupima mtikisiko, basi: mgonjwa aliyekaa ndani ya daladala kwenye barabara ya makorongo mapigo yanapanda bila kazi yoyote, na anayeendesha baiskeli ya mazoezi isiyotikisika haongezewi vya kutosha. Hiyo si hitilafu. Hurekebishwa kwenye mashine.

Jambo moja la busara hapa. Kupigwa chini ncha ikiwa upande wa kulia ni njia ya mkato. Umeme hauteremki kwa nyuzi zake, hivyo kushoto hukaza kwa kuchelewa. Kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wanaopigwa zaidi ya asilimia 40 ya mapigo yao, moyo hudhoofika baada ya miaka. Kwa hiyo ambaye njia yake bado inapitisha umeme, hata kama kwa kuchelewa kidogo, muongezee muda wa kusubiri ili apige mwenyewe.

Uwekaji hatutaukalia sana, ila hatua zenye makosa ya mara kwa mara tutazitaja. Mgonjwa hupewa ganzi ya lidokeini, hana haja ya kulazwa usingizi. Sefazolini, dawa ya kuua vijidudu, hutolewa kwenye mshipa ndani ya saa moja kabla ya kukata. Ikitolewa baada ya kukata imechelewa. Mkato ni wa sentimita 4 au 5 chini ya mtulinga, mara nyingi kushoto. Vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, hufikiwa kwa kuichana kidogo au kwa kuichoma sindano, kisha waya huteremshwa huku ukitazamwa kwa eksirei. Sindano ikichomwa karibu mno na katikati ya kifua, kuna hatari mbili. Pafu laweza kutobolewa. Na waya ukipita kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza utasagwa kila mgonjwa anaponyanyua mkono, hadi ukatike miaka ya baadaye. Ndiyo sababu tunapendelea kuchoma nje zaidi, kuelekea kwapani.

Waya ukishafika, hupimwa kabla ya kufungwa: milivolti zinazosikika, volti zinazoamsha (chini ya 1 kwa waya wa chini ndiyo nzuri), na ukinzani kati ya omu 300 na 1,000 hivi. Halafu hupigwa volti 10 makusudi na kuuliza kama kuna kwikwi. Kwikwi maana yake umeme unagusa msuli wa kiwambo cha kupumulia, na ncha ihamishwe hapohapo, si kesho. Waya hushonewa kwenye mkono wake wa mpira, kipande kinachouvika, kamwe si uzi moja kwa moja juu ya silikoni. Mwisho ni skrubu. Ncha ya waya lazima ionekane imepita kitalu cha skrubu ndani ya plastiki angavu. Bisibisi huzungushwa mpaka ilie "tak". Kisha waya huvutwa taratibu kuhakikisha. Hatua hii ya nusu dakika ikirukwa, mgonjwa anaweza kurudi amezimia akiwa na kifaa kipya kabisa kifuani.

Sasa hitilafu. Ni tatu tu, na zote zimo katika lile tulilosema mwanzo: kusikia kisichokuwapo, kutosikia kilichopo, na kusema bila kusikilizwa.

Kusikia kisichokuwapo ndiko kunakoua, kwa sababu kifaa kinadhani moyo unapiga na kinanyamaza. Kelele zaweza kutoka kwenye waya uliovunjika, skrubu iliyolegea, misuli ya kifua, au umeme wa nje. Mwambie mgonjwa abane viganja vyake kwa nguvu mbele ya kifua huku ukitazama ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo. Misukumo ikipotea, umepata. Kelele nyingine hutoka kwa kifaa chenyewe: waya wa chini ukausikia msukumo wa waya wa juu. Ndiyo maana mara baada ya kupiga juu, sikio la chini hufungwa kwa makumi machache ya milisekunde.

Kutosikia kilichopo hutokea ncha ikiwa imehama, au kizingiti kimewekwa juu mno. ECG itaonyesha misukumo inayoangukia popote, hata juu ya mapigo ya mgonjwa mwenyewe.

Kusema bila kusikilizwa: msukumo unaonekana, pigo halifuati. Katika siku za kwanza fikiria ncha imeng'oka. Baada ya wiki chache fikiria kovu. Baada ya miaka fikiria waya au betri. Na wakati wowote, kwa mgonjwa wa figo aliyekosa kusafishwa damu, pima potasiamu kabla ya kumlaumu fundi. Ikipanda, moyo unakuwa mzito kuamka, na ikishushwa kifaa kinarudia kufanya kazi bila kuguswa.

Namba ya ukinzani ndiyo rafiki wa fundi. Ikiruka juu ya omu 2,000, njia imekatika: waya umevunjika au skrubu imelegea. Ikianguka chini ya 200 au 250, vazi la waya limechubuka na umeme unavuja. Namba moja peke yake haisemi sana. Linganisha na ya miezi 6 iliyopita. Wapo pia wagonjwa wanaokizungusha kifaa chini ya ngozi kwa vidole, bila hata kujua, mpaka waya unajisokota na kung'oka. Eksirei ya kifua huonyesha mara moja.

Sumaku ikiwekwa juu ya kifaa, pesimeka nyingi huacha kusikiliza na kupiga kwa mwendo maalumu. Ina faida mbili. Huonyesha hali ya betri ya ndani: za kampuni ya Medtronic, kwa mfano, hupiga 85 betri ikiwa nzima, na 65 ikifika muda wa kubadilishwa, na tangu hapo kwa kawaida kuna kama miezi 3. Kila kampuni ina namba zake. Na hulinda mgonjwa ambaye kifaa chake kinasikia kelele, kama wakati kisu cha umeme kinatumika kwenye upasuaji mwingine. Tahadhari: kifaa cha kushtua moyo, ambacho kwa nje hufanana na hiki ila ni kikubwa kidogo, hakifanyi hivyo. Sumaku hukizima kisishtue, wala haibadilishi namna kinavyopiga.

Jamaa wa wagonjwa, haya ni yenu. Mkono wa upande wenye kifaa usinyanyuliwe juu ya bega kwa wiki 4 hadi 6, ila usifungwe kabisa, bega litakakamaa. Simu iwe sentimita 15 mbali na kifaa. Isiwekwe mfuko wa shati upande huo, hasa simu mpya zenye sumaku mgongoni. Jiko la umeme la sumaku, sentimita 60. Fundi wa kuchomelea asirudi kazini kabla ya kuuliza. Redio, televisheni, maikrowevu nzima, havina shida. MRI, yaani picha ya mwili kwa mashine ya sumaku kubwa, inawezekana kwa vifaa vingi vya sasa, lakini kifaa na waya vyote viwe vya aina inayoruhusiwa, na mpangilio ubadilishwe kwanza. Waya wa zamani ulioachwa ndani bila kifaa huweza kupata moto. Kidonda kikiwa chekundu, kikivuja, au ngozi ikiwa nyembamba mpaka kifaa kinaonekana, msichome sindano kutoa maji na msimeze dawa za dukani. Rudini hospitali iliyokiweka. Vijidudu vikishapanda kwenye waya, mara nyingi lazima vyote vitolewe.

Kuna pia pesimeka isiyo na waya, kidonge cha chuma cha gramu 2 na urefu wa milimita 26 hivi, kinachopelekwa moyoni kupitia mshipa wa paja. Marekani iliiidhinisha mwaka 2016. Haina waya wa kuvunjika wala mfuko wa kuoza, lakini bei yake ni nzito, na betri ikiisha kwa kawaida huwekwa kingine pembeni yake.

Mgonjwa akifariki, kama desturi ya familia ni kuchoma mwili, kifaa kitolewe kwanza. Betri hulipuka kwenye tanuri. Kwa kuzika hakuna shida. Vifaa vilivyotolewa hivyo, betri ikiwa bado nzuri, hukusanywa na programu ya Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, inayoitwa My Heart Your Heart, huoshwa, hupimwa, husafishwa vijidudu, na hupewa wagonjwa wasioweza kununua kipya. Kenya ni moja ya nchi zilizoshiriki. Kinachotumika tena ni kasha tu. Waya huwa mpya kila mara.

Mwisho, kadi. Iwe na jina la kampuni, namba ya kifaa na ya kila waya, tarehe, na mpangilio. Ipigwe picha iwe kwenye simu za ndugu wawili. Mashine ya kuprogramu ya kampuni moja haisomi kifaa cha nyingine, hivyo mgonjwa aliyewekewa India akifika kliniki ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete bila kadi, muda mwingi utapotea kwa kubahatisha. Kadi ikipotea kabisa, pigeni eksirei ya kifua na ikuzeni picha: ndani ya kasha kuna alama ya kampuni iliyochorwa kwa chuma, nayo husomeka.